Gomesi ya Ssenga

Usiku wa tatu Kampala niliumaliza macho makavu kwa sababu ya swali moja: ssenga alikuwa anapata nini sisi tukinunua ile nguo ya kung'aa? Kama hapati kitu, kwa nini alitupeleka duka lile moja tu, akatupitisha mbele ya maduka mengine yenye nguo zilezile kama vile hayapo? Na kwa nini yeye na mwenye duka walicheka kwa Kiganda, kisha wakanyamaza nilipowatazama? Kando yangu shangazi yangu alikoroma kwa amani. Chini ya kitanda, ndani ya begi, kulikuwa na nguo nyingine tuliyoinunua bila ssenga kujua, na hiyo nayo ilianza kunitia wasiwasi.

Kwa Waganda, ssenga ni dada wa baba. Kwetu Usukumani tunamwita sengi, kwa hiyo cheo chake hakikunipa taabu. Sikuwa nimeelewa uzito wake. Siku ya utambulisho, ukoo wa mwanamume unapofika kwa wazazi wa binti, ssenga wa binti ndiye anayepita katikati ya wageni na kumwonyesha mchumba mbele ya wazee: huyu hapa. Asipofanya hivyo, hakuna mchumba, kuna kundi la watu tu waliovaa kanzu. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyekuwa anachumbia, alituandikia hilo kwenye barua mbili, na kwenye ya pili alilipigia mstari. Zawadi za wengine angezishughulikia mwenyewe. Gomesi ya ssenga, ile nguo rasmi ya wanawake wa Kiganda, aliwaachia wanawake wa kwao, yaani mimi na shangazi, tuinunue hukohuko Kampala kabla ya Jumamosi.

Mimi nilichaguliwa kwa sababu ya Kiingereza. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia. Waliotutangulia walipangiwa kazi kabla hata hawajarudisha majoho. Sisi tuliambiwa tusubiri, kisha tukaambiwa tusisubiri. Nikarudi Bariadi na shahada yangu, nikachuma pamba na mama, na jioni nikawa nasoma tangazo moja la kazi mara kumi nikitafuta maana iliyojificha. Shangazi alichaguliwa kwa sababu ya pamba. Hakuna mtu katika ukoo aliyeijua kama yeye.

Zilikuwa enzi za ruksa. Pamba, ambayo miaka yote tuliiuza kwa chama cha ushirika, sasa ilinunuliwa na yeyote mwenye lori na mizani, na kila mizani ilikuwa na tabia yake. Gunia lilipimwa nyumbani, likapimwa tena kwa mnunuzi pale Dutwa, likawa limepungua njiani bila kutoboka. Wanunuzi nao walidai tunamwagia maji na kutia mchanga, na wako waliotia, kwa hiyo walizamisha mkono guniani mpaka kwapani wakachakura mbele ya mwenye mali. Tukawa watu wa kukaguana. Nguo nazo zilijaa sokoni, za mitumba na za nje, wakati viwanda vya Mwanza vilivyokuwa vikisokota pamba yetu vinafunga milango. Mama alinunua khanga iliyoandikwa pamba tupu. Baada ya kufuliwa mara mbili ikawa kama chandarua. Tangu siku hiyo shangazi hakununua kitambaa bila kiberiti. Alichomoa uzi ukingoni, akauwasha. Uzi wa pamba huungua kama karatasi, unaacha jivu laini. Uzi wa nailoni hujikunja, unayeyuka, unaacha kitone kigumu cheusi. Wauza vitambaa wa Bariadi walishamzoea. Mmoja, akimwona anakuja, alikuwa anamchomolea uzi mwenyewe.

Mama alituaga kwa maneno machache. Alisema sisi ni watu wa pamba, tusije tukampelekea mtu plastiki.

Ssenga alitupokea vizuri, na hilo lilinitia shaka kwanza. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mjane, mwenye nyumba ya matofali pembezoni mwa Kampala na migomba nyuma yake. Kiswahili alikijua kwa sababu wakati wa vurugu za kwao aliwahi kukimbilia Mwanza na kukaa huko miaka. Asubuhi ya kwanza alitushauri tusiseme Kiswahili mjini. Alisema huko ni lugha ambayo watu waliisikia kwa askari waliovunja milango, na kwa majambazi walioiga askari. Nilimwelewa. Lakini nilipokuwa nanawa uso nikawaza: au hataki tuulize bei wenyewe?

Siku hiyohiyo, Jumanne, akatupeleka dukani. Mwenye duka alikuwa mwanamume mnene mwenye futi ya kitambaa shingoni. Alimsalimu ssenga kwa kuinama kidogo, wakaulizana habari kwa muda ambao mimi niliuona mrefu mno. Kisha akateremsha gomesi moja baada ya nyingine. Ni nguo ya heshima, siwezi kukataa: ndefu mpaka chini, mabega yamesimama kwa ncha kama masikio ya mnyama anayesikiliza, vifungo viwili upande wa kushoto wa kifua, na mshipi mpana unaofungwa chini ya kiuno ncha zake zikaning'inia mbele. Ndani yake mwanamke hujifunga kikoyi kizito ili nyonga zijae. Nilimwuliza ssenga kama kikoyi ni lazima, nikiwa na hakika ni njama ya kuuza kitambaa mara mbili.

Zote alizoteremsha ziling'aa. Zambarau, kijani, rangi ya machungwa yaliyoiva, ziking'aa kama mafuta juu ya maji. Ssenga akasema hizi ndizo. Shangazi akazamisha mkono ndani ya nguo iliyokunjwa, mpaka kiwiko, akachakura kama anatafuta mchanga. Kisha, kabla sijamzuia, akachomoa uzi kwenye pindo la ile ya kijani na kuwasha kiberiti.

Uzi ukajikunja. Shangazi akaonyesha kitone cheusi kwenye kucha yake, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi, kwamba hii ni chupa ya plastiki yenye mikono.

Mwenye duka hakugomba. Aliichukua nguo ile, akaikunja polepole, akairudisha juu kabisa. Kisha akamwambia ssenga maneno machache ya Kiganda, chini chini, na ssenga akasema twende. Njia nzima hakuzungumza. Nilimtazama kwa jicho la pembeni na kujiambia kwamba mtu aliyekosa fungu lake hunyamaza vivyo hivyo.

Jumatano tukatoroka. Tulimwambia ssenga tunakwenda kanisani kusali, jambo ambalo shangazi alilikamilisha kwa kuingia kweli kanisa moja njiani, akapiga ishara ya msalaba na kutoka. Tukazunguka maduka manne. Kwa kuwa kiberiti kilikuwa kimetuletea balaa, nikabuni njia yangu: shangazi anapapasa na kuchomoa uzi kimyakimya wakati mimi nauliza maswali kwa Kiingereza, kisha tunautia kwenye bahasha, na juu ya bahasha naandika duka, rangi na mahali ulipotoka. Nilijivunia njia hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo elimu yangu kufanya kazi.

Adhuhuri tulirudi, ssenga hayupo. Tukaenda nyuma kwenye migomba, tukachuchumaa vichwa vimekaribiana, tukawasha uzi mmoja mmoja. Shangazi ananusa, anatamka, mimi naandika. Uzi wa bahasha ya tatu ukaungua kama karatasi. Shangazi akafumba macho kwa furaha, akasema, "Wabeja," asante, kana kwamba uzi wenyewe umemfanyia hisani. Tukarudi mjini saa hiyohiyo kununua.

Ilikuwa gomesi ya pamba, ya rangi ya udongo yenye maua madogo meupe. Muuzaji, mama mmoja wa miwani, hakutubembeleza hata kidogo, nami nikamhesabu kuwa mkweli. Alipokuwa anaifunga aliniuliza, "Unapeleka kijijini, nyabo, au kuna msiba?" Nilijibu ni zawadi. Akanitazama juu ya miwani, akafunga. Usiku huo, huku shangazi anakoroma, ndilo neno lililoanza kunisumbua kuliko yote. Kwa nini msiba?

Ssenga naye alikuwa amebadilika. Jioni alitupakulia chakula, lakini yeye alikula jikoni. Kabla ya giza alianua nguo zake zote kwenye kamba, hata zilizokuwa bado na maji, akaziingiza chumbani na kufunga kwa ufunguo. Asubuhi shangazi alimpokonya beseni amsaidie kufua, naye akalichukua tena kwa adabu, akasema mgeni apumzike. Nilipanga ishara hizi na kupata jibu lililonyooka: anajua tumenunua kwingine, na ana kinyongo cha fungu lake.

Alhamisi mchana kaka akaja. Alikuwa amepanga chumba upande wa pili wa mji, karibu na soko alikokuwa akiuza mchele wa Maswa, na ndiko alikomfahamu mchumba wake. Siku zote alikuwa mtu wa mzaha, akiniita msomi. Siku hiyo alitutoa nje mpaka barabarani.

"Mlikuwa mnachoma nini kwenye migomba ya watu?"

Nikaeleza habari ya nyuzi. Nilipofika kwenye bahasha, akashika kichwa.

"Aliwaona. Alikuwa amerudi kuchukua mwavuli. Watu wawili wamechuchumaa nyuma ya nyumba yake, wanachoma nyuzi za nguo, mmoja ananong'ona, mwingine anaandika. Na dukani mlishachomoa uzi wa nguo aliyoichagua yeye. Sasa msomi, ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

Ningefikiri alichofikiri yeye, na ningekifikiri kwa muda mrefu zaidi.

"Amesema Jumamosi hatasimama," kaka akaendelea. "Hawezi kumwonyesha mbele ya ukoo mtu ambaye ndugu zake wanafanya dawa na nguo yake. Na habari za kwetu huku wamezisikia."

"Habari gani za kwetu?" shangazi akauliza.

"Shangazi, unazijua habari za kwetu."

Shangazi alishika kiuno. "Nimroge mtu kwa nailoni?" alisema. "Si itayeyuka kabla haijafika."

Kaka alicheka bila kutaka, kisha macho yakamjaa maji. Hapo ndipo nilipoona kwamba tulikuwa tumecheza na kitu kisichokuwa chetu. Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Wadogo zake wawili walishaoa. Mchumba wake alimngoja misimu miwili, kaka akivusha magunia ziwani.

Alikuwa na mpango. Alitaka mimi nimwambie ssenga kwamba ile ni mila ya kwetu, kwamba kabla ya kumvika mkwe nguo tunachoma uzi kuomba baraka. "Mila haihojiwi," alisema. "Yeye mwenyewe ni mtu wa mila. Atatikisa kichwa kukubali, yataisha." Shangazi hakupenda kusingizia mizimu, lakini alisema kama mdomo ni wangu, atanyamaza.

Nilikubali, kisha nikalala nao uongo huo usiku mzima kama mtu aliyelala na mgonjwa. Ulikuwa uongo mzuri. Kila nilipoupima ulisimama. Lakini niliwaza akiuliza uzi unachomwa na nani, unasemwa nini, kwa nini kwenye migomba, kwa nini tulimngoja aondoke. Ningejibu yote, najua, kwa kuwa kubuni ndiko nilikofanya siku zote tatu. Nilikuwa nimembunia fungu, njama, kinyongo, na hakuna hata kimoja nilichokiona kwa macho. Yeye alituona kwa macho tukichoma. Kati yetu wawili, mwenye haki ya kushuku alikuwa yeye. Na akiukubali uongo ule, kaka angeingia katika ukoo huo akiwa mtu wa nyuzi maisha yake yote. Mtoto akiugua tu, wangeikumbuka migomba.

Ijumaa asubuhi ssenga alikuwa amekaa kwenye mkeka jikoni, nje ya nyumba, anamenya matoke. Nilipiga magoti kama nilivyoona wasichana wa huko wanavyofanya. Niliweka mbele yake bahasha zote nne na ile gomesi ya pamba ikiwa bado kwenye karatasi yake. Kisha nikaanza kusema, na kwa kuwa sikujua pa kuishia, nilisema yote. Mizani ya Dutwa, khanga ya mama, kiberiti cha shangazi. Nikamwambia tulidanganya kwamba tunakwenda kusali. Nikamwambia nilifikiri mwenye duka anamlipa.

Hakuacha kumenya mpaka nilipotaja hilo la mwisho. Akaweka kisu chini.

"Chomeni," alisema. "Hapa, nione."

Nikamwita shangazi. Alikuja na kiberiti chake, akakaa mkekani bila kuombwa, akachukua uzi wa bahasha ya kwanza na kuuwasha juu ya jiko, mchana kweupe. Ukayeyuka. Akachukua wa tatu, ukaungua ukawa jivu. Alimpaka ssenga jivu lile kidoleni ili ausikie ulaini wake, akamweleza kwa Kiswahili chake cha shamba kwamba hivi ndivyo tunavyomjua mwongo na mkweli. Ssenga alisugua vidole. Akaomba kiberiti, akawasha wa pili mwenyewe, akakikodolea macho kile kitone.

"Basi ni hivi tu?"

"Ni hivi tu," shangazi akasema. "Dawa ningeijua ningeanza na wenye mizani."

Ssenga akacheka, kicheko kifupi cha puani. Kisha akafungua karatasi ya gomesi yetu, akayatazama maua yake, na kicheko kikaisha. Aliingia ndani, akarudi na nguo mbili. Moja ilikuwa ya pamba, imepauka, ina madoa ya utomvu wa ndizi. Ya pili aliitoa kwenye shuka, ikinuka dawa ya nondo ya kabatini: ya kung'aa, rangi ya dhahabu, mikunjo imenyooka kama iliyopigwa pasi asubuhi hiyo. Alivishwa na mume wa binti wa kaka yake mkubwa, alisema, na ameivaa mara tatu tu.

"Hii ya pamba ni nzuri," akaniambia, mkono juu ya zawadi yetu. "Nitaivaa nikipanda viazi. Nitaivaa nikienda kuzika. Lakini Jumamosi mkinipa hii mbele ya watu, muwala, mwanangu, watauliza mimi nimewakosea nini."

Tuliyoiita plastiki ndiyo iliyokuwa heshima, na tuliyoijua sisi kuwa heshima ilikuwa ya kulimia. Shangazi aliishika ile ya dhahabu, akaipapasa kwa muda mrefu. Nilijua vidole vyake vinakataa. Mwisho akasema kwamba kweli haina mkunjo.

"Na mwenye duka?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza. Mambo yalikuwa yamekwisha.

"Ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Nikimletea wateja hunipa kikoyi." Akanitazama moja kwa moja. "Wewe ukimpelekea ndugu yako mteja, huondoki hata na soda?"

Kwa hiyo nilikuwa sahihi, na usahihi wangu haukuwa na kazi yoyote. Nilikaa pale mkekani nikijaribu kukasirika, nikashindwa. Hakuwa ameahidi kusimama kesho. Alikuwa amechukua kisu tena na kurudi kwenye matoke yake, akingoja, nami nilifahamu anangoja nini.

Fedha ya zawadi tulishaimaliza; nilikuwa na akiba kidogo ya nauli, niliyoiweka niende Dar es Salaam kuzungusha maombi ya kazi. Nilifikiri kumwomba kaka. Nikafikiri kurudisha ile ya pamba kwa yule mama wa miwani. Nikafikiri kwamba pengine hata maneno haya ya viazi na kuzika yamepangwa ili turudi kwa shemeji. Niliona mawazo yanaanza kujipanga foleni, kila moja na ushahidi wake. Nikainuka kabla hayajafika yote.

"Ssenga," nilisema, "chukua mwavuli. Twende ukachague mwenyewe."

Tulikwenda sote watatu. Mwenye duka alipomwona shangazi aliangalia kwanza mikono yake. Shangazi akaifunga nyuma ya mgongo, akasimama hivyo muda wote kama mtoto aliyekatazwa. Ssenga alijaribu ya zambarau, akaiacha, akarudi kwa ile ya kijani, akageuka mbele ya kioo ncha za mabega zimesimama. Nilikiona kikoyi kikitoka chini ya meza, kimekunjwa, kikiingia kwenye mkoba wake. Nikaichukua gomesi ya kijani, nikaiweka mbele ya mwenye duka, nikamwambia aifunge.